Pengo ndani ya protini: lini ulizibe, lini uliache

Katika PDB, hifadhi ya kimataifa ya miundo ya protini, limo faili lenye namba 4U0Q. Yeyote mwenye intaneti anaweza kulipakua bure. Ndani yake kuna RH5, protini ya kimelea cha malaria, ikiwa imeshikana na basigini, kipokezi kilicho juu ya seli nyekundu za damu yetu. Plasmodium falciparum asipoupata mshikano huo haingii ndani ya seli. Watafiti wa Oxford na wenzao waliuchapisha muundo huo mwaka 2014, na chanjo zinazoilenga RH5 zimekwisha kujaribiwa Bagamoyo, kwa watu wazima na kwa watoto, kupitia Taasisi ya Afya Ifakara.

Lifungue faili hilo kwa programu ya kawaida ya maandishi, si ile ya kuchorea picha. Utakuta maelfu ya mistari, kila mstari na atomu yake: jina la atomu, asidi amino inamokaa (asidi amino ni pingili moja ya mnyororo wa protini), namba ya asidi amino hiyo kwenye mnyororo, kisha tarakimu tatu zinazosema iko wapi. Teremka ukifuata namba za RH5. Zinapanda moja moja, vizuri kabisa, mpaka zikifika 240 na kitu zinaruka hadi karibu na 300. Katikati hamna kitu. Ukiichora protini hiyo, utepe unakatika hewani na kuanza tena mahali pengine, kana kwamba kuna mtu aliyepita na mkasi.

Na kweli mkasi ulipita. Watafiti wenyewe walizitoa asidi amino za 248 hadi 296 kwenye jeni kabla hawajaizalisha protini, pamoja na mkia wa mwanzo, kwa sababu sehemu hizo zimelegea mno, na protini iliyolegea ni shida kujipanga ikawa fuwele. Kipande hicho hakikuwamo kwenye sampuli hata kidogo. Ndiyo maana hutakikuta kwenye mistari inayoanza na REMARK 465, ambako PDB huorodhesha asidi amino zinazokosekana. Orodha ile ni ya zilizokuwamo kwenye sampuli lakini hazikuonekana. Zipo pia zilizoonekana nusunusu, yaani uti wa mnyororo upo ila tawi la pembeni halipo. Hizo zina orodha yao, REMARK 470. Asiyesoma vichwa hivi vya faili huziba kila tundu kwa mkupuo mmoja, na programu nyingi zitamfanyia kazi hiyo bila kuuliza swali.

Sasa, kitu kinawezaje kuwamo kwenye sampuli kisionekane? Miale ya eksirei haipigi protini moja. Inapiga fuwele yenye nakala zisizohesabika za protini ileile, na kinachopatikana mwishoni ni ramani ya wastani wa nakala zote. Chukua picha elfu moja za mtaa mmoja wa Kariakoo, zote kutoka dirisha lilelile, uzilaze moja juu ya nyingine na utafute wastani wake. Majengo yatabaki na kingo zao kali. Watu watatoweka, ingawa hakuna hata picha moja ambayo mtaa ulikuwa mtupu. Kitanzi cha protini, yaani kipande cha mnyororo kilichopinda, kikiwa kinachezacheza hupotea hivyohivyo: kila nakala ina kitanzi chake, lakini kila kimoja kimekaa kivyake. Hadubini ya elektroni inayotumia sampuli zilizogandishwa hupiga picha za chembe mojamoja, lakini nazo hujumlishwa baadaye kupata wastani, kwa hiyo haiepuki tatizo hili.

Hapo ndipo penye jambo ambalo naona halisisitizwi vya kutosha madarasani. Pengo ni kipimo. Linakuambia kwamba mahali hapa, kwa sampuli hii na kwa joto hili, protini haikutulia.

Mfano ninaoupenda ni wa zamani kidogo. Miaka ya 1970 huko Ujerumani, Robert Huber, Wolfram Bode na wenzao walichunguza muundo wa tripsinojeni, umbo la awali la tripsini, kile kimeng'enya cha kongosho kinachokatakata protini za chakula. Tripsinojeni haifanyi kazi mpaka ifike utumbo mwembamba na kukatwa kipande kidogo mwanzoni mwa mnyororo wake. Katika ramani yao, sehemu kadhaa za tripsinojeni, jumla kama asilimia 15 ya mnyororo, hazikuonekana. Kwenye tripsini iliyokomaa sehemu hizohizo zinaonekana bila taabu. Kinachotokea katikati ni kwamba kipande kikishakatwa, ncha mpya ya mnyororo inajipenyeza ndani, inashikana na asidi aspatiki ya 194, na zile sehemu zilizokuwa zikielea zinakaza na kutengeneza mfuko wa kushikia kile kinachotakiwa kukatwa. Mfuko ule haujakamilika kwenye tripsinojeni, ndiyo sababu imepoa. Mtu angeziba mapengo yale kwa kunakili umbo la tripsini, angepata modeli safi, yenye pembe sahihi na nishati nzuri, na angekuwa amefuta jibu lenyewe.

RH5 nayo ilijibu swali lake ikiwa na pengo. Kingamwili zinazomzuia kimelea asiingie kwenye seli hushika kiini cha protini kilichojikunja imara. Zinazoshika kile kitanzi kilichokatwa na ule mkia hazizuii. Toleo la baadaye la chanjo hiyo, RH5.2, liliundwa bila sehemu hizo zilizolegea. Kukesha ukijenga umbo la kitanzi kile kwenye kompyuta kusingempa kitu mtengeneza chanjo.

Kwa nini basi watu huziba? Sababu kubwa ni uigaji wa mwendo wa molekuli, ambamo kompyuta hukokotoa nguvu zinazovuta kila atomu na kuisogeza kidogo kidogo, kwa kawaida hatua za femtosekunde 2. Ili ufikishe maikrosekunde moja unahitaji hatua milioni 500. Ukiiingiza humo protini iliyokatika katikati, programu itaichukulia kuwa ni minyororo miwili na kuzipa zile ncha mbili chaji za umeme, chanya upande mmoja na hasi upande mwingine, chaji ambazo kwenye protini halisi hazipo. Ncha hizo zitavuta maji, zitavuta chumvi, zitavutana na majirani, na baada ya muda zinaweza kuachana kabisa na kubomoa eneo zima. Sababu ya pili ni dawa. Pengo likiwa kwenye mdomo wa mfuko ambamo dawa inatakiwa kukaa, huwezi kupima kama dawa inaingia sawasawa bila kujua mdomo huo unafungaje. Lakini pengo likiwa mbali na unachokichunguza, ipo njia ya unyenyekevu ambayo watu huisahau: zifunike ncha mbili kwa vikundi visivyo na chaji, asetili upande mmoja na N-methili upande mwingine, zishikilie kwa nguvu ndogo zisitawanyike, uendelee na kazi yako.

Ukishaamua kuziba, anza na rula. Kati ya kaboni kuu ya asidi amino moja na kaboni kuu ya inayofuata pana angstromu 3.8, karibu siku zote. Angstromu moja ni sehemu moja ya milioni kumi ya milimita. Tuseme zinakosekana asidi amino 4. Kutoka ukingo hadi ukingo kuna hatua 5, yaani hata mnyororo ukinyooshwa kama waya hauwezi kuvuka angstromu 19. Ukipima ukakuta kingo zako ziko angstromu 25 mbali, hakuna programu duniani itakayoziunganisha kihalali. Ama namba zimekosewa, ama aliyesoma ramani alipachika kipande kwenye mnyororo wa jirani, ama wewe umeunganisha minyororo miwili tofauti. Hesabu hii ni ya dakika moja, na inaokoa wiki nzima.

Ugumu halisi unaanza umbali unapokubali, kwa sababu hapo njia zinakuwa nyingi mno. Uti wa protini huzunguka kwenye pembe mbili kwa kila asidi amino, wataalamu huziita fi na sai. Mwaka 1963 G. N. Ramachandran na wenzake, wakiwa Madras, India, walionyesha kwamba si kila jozi ya pembe inawezekana, maana nyingine zingegonganisha atomu. Ule mchoro wao bado ndio mtihani wa kwanza wa modeli yoyote. Hata hivyo, tukiwa wabahili na kuipa kila pembe nafasi tatu tu, asidi amino moja inakuwa na maumbo 9. Pengo la 4 lina maumbo 6,561, ambayo kompyuta ndogo huyapitia yote kwa muda mfupi sana. Pengo la 12 lina zaidi ya bilioni 282. Ndiyo maana kwenye fani hii urefu wa pengo huulizwa kabla ya jambo jingine lolote.

Juu ya hapo kuna sharti la kufunga. Kipande unachojenga lazima kianzie kwenye ukingo wa kwanza na kifike kwenye ukingo wa pili, mahali palepale na kikiwa kimeelekea upande uleule. Mahali ni tarakimu tatu, mwelekeo ni tarakimu tatu, jumla masharti sita. Nobuhiro Gō na Harold Scheraga waliandika mwaka 1970 kwamba ukiziachia pembe sita ndizo zitimize masharti hayo sita, tatizo linageuka kuwa milinganyo inayoweza kutatuliwa. Wahandisi wa roboti walikuwa na tatizo lilelile: mkono wa chuma wenye viungo sita, kiganja kinatakiwa kishike kikombe pale, je kila kiungo kikunjwe kiasi gani? Mwaka 2004 Evangelos Coutsias na wenzake waliliweka la protini katika mlinganyo mmoja wa daraja la 16. Maana yake ni kwamba kwa pembe sita zilizoachiwa, hayawezi kupatikana maumbo zaidi ya 16 yanayofunga. Unatikisa pembe nyingine zote upendavyo, halafu hesabu inazirekebisha hizo sita ili kitanzi kifunge barabara. Adrian Canutescu na Roland Dunbrack walikuwa wamekwisha kuleta mbinu nyingine ya roboti mwaka 2003, nyepesi zaidi: rekebisha pembe moja ili ncha isogee karibu na ukingo, nenda ya pili, ya tatu, rudi ya kwanza, mpaka ifike. Ni mbinu ya kusukumasukuma, lakini haraka yake inashangaza.

Mwaka 2009 kundi la Tanja Kortemme huko San Francisco liliiingiza njia ya milinganyo kwenye programu ya Rosetta na kuonyesha kwamba vitanzi vya asidi amino 12 vinaweza kujengwa upya kwa kosa ambalo mara nyingi halifiki angstromu moja. Matokeo hayo ni ya kweli, na ni mazuri, ila yasomwe na sharti lake: kitanzi kilitolewa kwenye muundo unaojulikana, kisha kikajengwa upya huku kila kitu kinachokizunguka kikiwa mahali pake sahihi. Wewe mwenye pengo la kweli huna anasa hiyo. Majirani wa kitanzi chako huenda nao wamesogea, na huenda kitanzi chenyewe hakina umbo moja la kupatia.

Njia nyingine haikokotoi kitu, inaazima. T. Alwyn Jones na Søren Thirup walionyesha mwaka 1986 kwamba vipande vifupi vya protini moja vinapatikana vikiwa na umbo lilelile kwenye protini nyingine zisizo na undugu nayo. Basi unatafuta kwenye PDB kipande chenye urefu wa pengo lako, ambacho kingo zake zimekaa kama zako, unakipandikiza. Kwa vipande vifupi inafanya kazi vizuri mno. Kwa kingamwili ilifungua mlango mkubwa: Cyrus Chothia na Arthur Lesk waligundua mwaka 1987 kwamba kati ya vitanzi sita ambavyo kingamwili hutumia kushika adui, vitano huwa na maumbo machache yanayojirudia, kiasi kwamba ukisoma mfuatano wa asidi amino unaweza kukisia umbo. Cha sita, kiitwacho H3, hakifuati mkumbo huo. Urefu wake hubadilika sana na umbo lake halitabiriki kwa urahisi, na bahati mbaya mara nyingi ndicho chenye mchango mkubwa katika kumtambua adui.

Ziwe zimeazimwa au zimekokotolewa, mwisho unabaki na mamia ya modeli na swali la ipi ichaguliwe. Hapo hutumika alama: nishati ya kifizikia, au takwimu za jinsi atomu zinavyopenda kukaa katika miundo inayojulikana, kama alama ya DOPE ndani ya programu ya MODELLER ya Andrej Šali. Alama hizi hutofautisha vizuri kibaya na kizuri. Kati ya kizuri na kizuri zinayumba. Modeli kumi za juu zikifanana, una sababu ya kuamini. Zikitawanyika kila upande huku alama zao zimekaribiana, kompyuta inakuambia neno lilelile ambalo fuwele ilikuambia mwanzo: sehemu hii haina umbo moja. Kuchukua ya kwanza na kuzitupa tisa ni kujidanganya.

Halafu ikaja AlphaFold, programu ya akili mnemba inayotabiri umbo la protini. Ilishinda CASP, shindano la kutabiri miundo ya protini, mwaka 2020, hifadhidata yake ikavuka miundo milioni 200 mwaka 2022, na 2024 Demis Hassabis na John Jumper wakapewa nusu ya Nobeli ya kemia. Nusu nyingine ilikwenda kwa David Baker, ambaye maabara yake ndiyo iliyoizaa Rosetta. Siku hizi mwenye pengo mara nyingi huanza hapo: anachukua utabiri wa AlphaFold, anaulaza juu ya muundo uliopimwa, anakata kipande kinachokosekana na kukihamisha. ColabFold huendesha hesabu hiyo kupitia kivinjari tu, kwa hiyo mwanafunzi wa Dodoma au Kisumu hahitaji kumiliki kompyuta kubwa.

Sina ugomvi na njia hiyo, mradi alama zisomwe. AlphaFold huipa kila asidi amino alama ya uhakika kati ya 0 na 100, iitwayo pLDDT. Zaidi ya 90 ni uhakika mkubwa. Chini ya 50 mara nyingi ni dalili kwamba sehemu hiyo haijikunji, na kwenye picha utaona utepe mrefu wa rangi ya machungwa ukizunguka protini kama tambi. Tambi zile si umbo. Ni namna ya programu kusema imeshindwa, ila kwa kuwa faili linadai tarakimu, imetoa tarakimu. Protini za binadamu zilipotabiriwa kwa pamoja mwaka 2021, ni asilimia 58 tu ya asidi amino zilizovuka alama 70. AlphaFold 3 ya mwaka 2024 ilileta hatari mpya, kwa sababu inachora kwa mbinu ileile ya akili mnemba inayozalisha picha, na mbinu hiyo huweza kubuni hesi nzuri, yaani mnyororo uliojisokota kama skrubu, pasipokuwa na hesi. Waundaji wake walilijua hilo na wakaifundisha upya kwa mifano yenye tambi ili irudi kuchora tambi pale panapostahili. Yaani walilazimika kuifundisha kukiri.

Kuna mtego mmoja zaidi, na huu unatoka upande wa vipimo. Kitanzi kinachoonekana vizuri kwenye fuwele huenda kimetulia kwa sababu tu protini ya jirani imekibana. Kwa hiyo unapolinganisha modeli yako na muundo mwingine wa protini ileile ambamo kitanzi kinaonekana, angalia kwanza jirani wake kwenye fuwele.

Kazi ya kuziba iliyofanywa kwa akili ninaiona kwenye protini ya miiba ya kirusi cha UVIKO-19. Februari 2020 kundi la Jason McLellan huko Texas lilichapisha muundo wa kwanza, 6VSB, uliopimwa kwa hadubini ya elektroni kwa ukali wa picha wa angstromu 3.46. Mnyororo mzima una asidi amino 1,273. Sampuli iliishia 1,208, kwa hiyo shina linalouingiza mwiba kwenye utando wa kirusi halikuwamo, na hata ndani ya sehemu iliyokuwamo vitanzi kadhaa havikuonekana. Kimojawapo ni kile chenye eneo la 682 hadi 685, mahali ambapo kimeng'enya cha furini huukata mwiba. Hilo halishangazi, maana kitanzi kinachotakiwa kuingia ndani ya mdomo wa kimeng'enya kisingeweza kufanya hivyo kikiwa kimekakamaa. Pia kila mnyororo una sehemu 22 za kubebea sukari, na sukari hucheza kuliko vitanzi, kwa hiyo kwenye ramani yalionekana mashina yake mafupi tu.

Kundi la Rommie Amaro wa San Diego lilijenga vyote vilivyokosekana: vitanzi, shina, sukari kamili, na utando chini yake, kisha likauendesha mwiba huo kwenye uigaji. Umbo kamili la kitanzi cha furini halikuwa hoja yao. Walichokitazama ni sukari mbili, za namba 165 na 234, ambazo kwenye uigaji zilijipenyeza chini ya kichwa cha mwiba na kukishikilia kikiwa kimeinuka, hali inayokiwezesha kushika kipokezi cha ACE2. Hilo lingeweza kuwa zao la kujaza vibaya. Wakatengeneza maabara miiba isiyo na sukari hizo, mmoja umekosa ya 165 na mwingine umekosa ya 234, wakapima mshikano wake na ACE2. Ulipungua kwa yote miwili, na zaidi kwa uliokosa ya 234.